Maneno ya Kubandika Chupani

Unataka historia fupi, bwana wa hoteli,
isiyozidi vidole vitatu,
ikae chini ya picha ya mnazi.
Umeniachia kalamu na karatasi ya mfano.
Nimejaribu. Tazama.

Shamba letu lipo Kangagani, kwenye mteremko
unaoanzia makaburini ukaishia mikokoni.
Minazi thelathini na mmoja.
Ya juu hutoa tembo jepesi,
lina harufu ya muwa uliokatwa sasa hivi.
Ya chini hunyweshwa na bamvua;
asali yake ni nyeusi, na ukishameza
hubaki chembe ya chumvi nyuma ya ulimi.
Wenye maduka wa Wete waliigombania hiyo.
Wazazi wenye vichanga walitaka ile ya juu.

Kila mnazi una jina la mtu
ambaye kitovu chake kimezikwa shinani.
Wa Kazija. Wa Shaame.
Wa Mbarouk, aliyekwenda Mombasa asirudi:
huo ndio utoao kuliko yote.

Babu Faki alipanda kabla ya adhana,
kotama kiunoni, kibuyu mgongoni,
na ndani ya kibuyu amepaka chokaa kwa kidole
ili tembo lisianze kuwaza.
Maana utamu huu una saa zake.
Alfajiri ni maji ya Mungu, mtoto hunywa.
Saa tatu limeanza kunong'ona.
Adhuhuri linapiga kelele,
na kelele hizo sisi hatuziuzi.
Kwa hiyo bibi alikwisha washa makumbi
babu angali juu,
sufuria ya shaba imesuguliwa kwa ndimu na majivu,
upawa wa kifuu tayari kuengua povu.
Vibuyu kumi, chupa moja na nusu.
Tone likizama katika maji baridi bila kutawanyika,
epua. Usimsubiri mtu.

Hili hutaliandika, najua,
lakini bila hili shamba si letu.
Baba yake babu, Kombo, alisifiwa.
Ilikuwa baada ya Maulidi, wageni wametoka hadi Chake,
kila aliyelamba kidole akamtaja.
Methali unaijua.
Kwenu ni methali; kwetu ni mtu wa ukoo.
Alitia maji. Si mengi,
kata mbili za kisima kwa kila sufuria.
Asali ikachacha madukani,
vizibo vikaruka usiku, paka wakakimbia.
Mwenye duka akazirudisha chupa kumi na tisa
juu ya punda, bila neno,
akazipanga barazani petu kama watu wa matanga.

Kombo hakuzimwaga.
Aliziacha pale hadi masika,
apitaye azione,
na yeye apite kati yake akienda kusali.

Moja ipo mpaka leo, dirishani kwa mama.
Imekuwa siki kali ya kutoboa.
Mtoto wa kwetu akikata karara lake la kwanza
huonjeshwa ncha ya ulimi.
Kaka yangu alikunja uso akanyamaza.
Mimi nilitema,
nikaambiwa nionje tena.

Unauliza: tangu mwaka gani?
Sijui. Bibi alihesabu kwa minazi iliyoanguka,
na hesabu yake alikwenda nayo.

Basi, vidole vitatu. Nimeandika hivi:
*Asali ya tembo. Kangagani. Haina maji.*
Hayo maneno mawili ya mwisho
yametugharimu chupa kumi na tisa;
usiyafanye madogo kuliko mengine.

Halafu ile picha.
Mnazi wako umeuchora una nazi.
Mnazi unaogemwa hauzai, bwana.
Zifute.